Changu Wekundu Hawakufa Nawe

Kaka Mbwana,

Salamu zangu zikufikie hapo walipokulaza, katika nchi hii ya Waarabu, mbali na Tanga, mbali na Mama. Mimi Zuhura sijambo. Ni kwa ubishi tu, lakini sijambo.

Tangu moyo wako usimame ukiwa garini, nje ya shule, ukiwangoja watoto wa bosi wako wa Muaither, kila mtu ana neno la kuniambia. Mama anapiga simu: rudi nyumbani, huko umebaki na nani? Bi Saida, ninayekaa naye chumba kimoja hapa Fereej Bin Mahmoud, anataka Ijumaa nikae ndani nisome Yasini, bahari niiache. Yasini nakusomea, kaka. Bahari siiachi.

Halafu akaja rafiki yako Shaabani kuchukua mishipi yako ya kuvulia. "Nipe nikutunzie. Wewe mwanamke utaifanyia nini?"

Nikamwambia nitaifanyia ulichokuwa ukiifanyia wewe. Akacheka. Akasema hata hivyo ni baridi, changu wekundu, hawa hamra wa huku, wameshahama pwani mpaka maji yapate moto. Nikasema, mbona Mbwana alikuwa akiwapata?

"Mbwana alikuwa Mbwana, Zuhura. Amekufa nao."

Amekufa nao! Neno hilo liliniingia hapa kifuani, likakataa kutoka.

Ijumaa iliyofuata, watu walipotoka msikitini, nikapanda basi hadi pwani ya Wakra. Upepo ulikuwa unakata masikio. Nikavaa koti lako, linanifika magotini, nikakaa palepale ulipokuwa ukikaa, kwenye mawe. Maji ya magotini sikuyajali. Hayo hupoa upesi, na samaki huyakimbia. Ulinifundisha kwamba wakati wa baridi haendi mbali, anatafuta shimo. Nikatafuta pale maji yanapokolea weusi, mfereji wa mashua unapopita kando ya ukuta uliopigwa jua tangu asubuhi. Chambo kamba mdogo, chubwi nyepesi ya kuzamisha mshipi. Kisha kutulia, bila kuvutavuta, maana samaki mwenye baridi ni mvivu, hakimbilii kitu.

Nikangoja. Nililia pale, kaka. Nilikugombeza pia, kwamba umeniachaje katika mji huu, wewe uliyenileta, uliyenipokea uwanja wa ndege na chapati zimefungwa kwenye taulo. Jamaa wawili waliokuwa jirani yangu wakakunja vitu vyao. Mmoja akaniambia, "Dada, nenda zako nyumbani, leo hakuna kitu." Nikamwambia asante, nikabaki.

Ndipo kidole kikahisi. Hakukuwa na mvuto, ni kama mtu anapumua kwenye uzi. Ulikuwa ukisema, "Baridi hawagongi, wananong'ona." Nikamwacha ameze. Nikavuta. Mshipi ukanichana kiganja, sikuulegeza. Akatoka mwekundu, kaka, mwekundu! Mapezi kayasimamisha kwa hasira, nami nina hasira vilevile. Nikaliita jina lako kwa sauti mpaka wale jamaa wakageuka njiani. Sikuona haya. Nikatupa tena palepale, nikapata wa pili, mkubwa kuliko wa kwanza.

Niliwapika wa kupaka, nazi nzito, ndimu ya kutosha, nikamwita Shaabani. Nilikuwa nimemwekea maneno makali. Akala. Akauliza, "Umewapata wapi?" Kabla sijamjibu akafunika uso kwa mkono, mtu mzima yule, akalia juu ya sahani. "Nilitaka tu nibaki na kitu chake," akasema. Nikamwongezea wali. Mishipi sikumpa, kaka, usidhani. Nimemwambia Ijumaa aje, akae upande wangu wa kushoto, na anyamaze.

Mama nimemjibu kwamba nitarudi nikiamua mimi, si kwa kuwa kifo kimenifukuza. Akaniuliza kama koti ninalo.

Kwaheri, Mbwana wangu. Mwenyezi Mungu alipanue kaburi lako alijaze nuru. Nakuahidi: kila baridi itakayonikuta katika nchi hii itanikuta mbele ya maji, na atakayesema hamra hawapo, nitamwambia asogee anipishe.

Mdogo wako asiyeambilika,
Zuhura