Nyieka, Kokoto Lako Bado Ninalo

Nyieka,

Mke mwenzangu, una kichwa kigumu. Miaka minane imepita tangu tukuzike na hujanijia ndotoni hata mara moja. Kwa Mama Rose jirani umefika. Alikuja asubuhi na kanga imefungwa vibaya, akaniambia ulisimama mlangoni pake ukaomba chumvi. Chumvi! Kana kwamba mimi kwangu sina. Tumeolewa na mume mmoja, tumezika mume mmoja, halafu unapita mlango wangu kwenda kuomba kwa watu. Mimi nilikukosea nini?

Najua nilichokosea. Nitafika hapo, usinisukume.

Anayeandika ni Nekesa, mke wa Otieno wangu, yule mwalimu. Mimi kalamu naijua kwa kuiona tu. Nimemwambia aandike ninavyosema, asininyooshe. Na anaandika Kiswahili kwa sababu ndicho tulichotumia kugombana mimi na wewe miaka yote. Ulikuja hapa Kisian kutoka Bunyore hujui Dholuo, na neno la kwanza ulilojifunza lilikuwa mikayi, mke wa kwanza. Mengine ulijifunza baadaye. Hilo ulilijua kabla hujajua maji yanaitwaje.

Nyumba yako imeanguka. Hakuna mkono ulioigusa, tuliiacha iende yenyewe kama desturi inavyotaka. Ukuta wa jikoni ndio ulikuwa wa mwisho. Samaki pale Dunga siku hizi ni wadogo, mtu anakuuzia ngege kama kiganja cha mtoto na hana haya. Sokoni Kondele bado naenda, ila sasa nauza nimeketi. Magoti yamekataa kusimama. Wateja wangu wanainama wao.

Sasa hilo kosa.

Unakumbuka mjukuu wako Adhiambo alipopata ile kazi ng'ambo, ya kiwanda cha ndege. Wewe ulikuwa umelazwa, huongei. Mtoto alikuwa na tiketi ya kesho. Mtu wa kumbariki kwanza ni wewe, damu yake na nyumba ya kwanza. Kupanda huanza kwako, kuvuna huanza kwako, na baraka vilevile. Lakini nilimwona mtoto anasimama uani na begi, hana wa kumwambia neno, nikashindwa. Jua lilipotoka nikatia maji mdomoni nikamnyunyizia kifuani, nikamwambia mikono yake ikafanye kazi nzuri. Nilikuruka, nyieka. Hata sikukuuliza kwa macho. Mpaka unakufa sikukuambia.

Na nilibariki kitu nisichokijua. Mimi nilidhani ni hizi ndege zinazopita juu ya paa letu kushuka pale uwanjani, zenye madirisha na watu ndani. Kumbe sivyo.

Mwezi uliopita Adhiambo alikuja likizo. Amenenepa vizuri. Huko amekuwa raia wao, na paspoti yao. Alinifungulia simu akanionyesha picha, akasema hiyo kila mtu anaruhusiwa kuiona. Nyieka, lile dude ni jeusi, bapa, kama popo aliyetandazwa juu ya mawe akauke. Nikamuuliza, "Mkia wake mmeula?" Akacheka mpaka akakaa chini. Akaniambia ni ndege ya jeshi ya mabomu, na kazi yake yote ni kutoonekana. Nikasema mimi naiona. Akasema si kwa macho. Kuna mtambo unaitwa rada. Unapaza sauti hewani halafu unasikiliza nani amejibu. Ndege nyingine hujibu. Hii hunyamaza, inapita mpaka nyumbani kwa mtu na hajui.

Halafu akaniambia kazi yake yeye, na hapo nilikuona wewe kabisa. Ile ngozi ya ndege si bati. Ni kitambaa kinalowekwa gundi, kinatandikwa tabaka juu ya tabaka, kinaokwa kwenye tanuri. Kinaokwa! Ikitoka, pale kipande kinapoungana na kipande hapatakiwi kuwa na hata kovu, maana kovu dogo ndilo linalojibu. Wana mashine za kupima. Lakini Adhiambo huvua glavu, hufumba macho, hupitisha kidole, husema, "Hapa." Wanapima tena, wanakuta ni hapo. Walimuuliza alisomea wapi. Akawaambia alisomea kwa bibi yake, Kisian, kwenye vyungu.

Nililia kidogo. Usinicheke.

Maana nilikuona umekaa pale nyuma ya nyumba, miguu umenyoosha, chungu kibichi katikati, na lile kokoto lako jeusi la mtoni unalainishia. Adhiambo pembeni, pua inatoka kamasi, unamshika kidole unakipitisha kwenye maungo: "Unasikia? Hapo patavuja." Mimi nilikuwa napita na karai la samaki nasema mtoto atanuka udongo. Ulinijibu, "Afadhali udongo, samaki wewe."

Sasa wanatengeneza nyingine, mpya kuliko hiyo. Wanataka Adhiambo awe mkubwa wa ngozi yote. Akikubali, hatoki hapo mpaka iruke, na hiyo ni miaka. Kuna kiwanda kingine kinamtaka kwa kazi ya mapanga marefu yale yanayozungushwa na upepo kuleta stima. Anasema hiyo mtu yeyote anaweza. "Dani, bibi yangu, hakuna mahali pengine mkono wangu unahitajika hivi." Alikuja kuomba baraka. Na kokoto lako. Alitaka asafiri nalo mfukoni.

Nikamkumbusha yule mwanamume wa chungu kikubwa. Wewe hukuwahi kuuza chungu bila kuuliza, "Utatia nini ndani?" Watu walikuchoka. Mwenye kutia maji ulimpa hiki, mwenye kutia nafaka ulimpa kile. Yule bwana alikuagiza chungu kirefu, shingo nyembamba, kizuri kuliko vyote ulivyowahi kufinyanga. Siku ya kuchukua ukamuuliza. Akakujibu, "Mama, wewe kazi yako ni udongo." Ulikichukua kutoka mikononi mwake, ukakitia kichwani, ukatembea mpaka nyumbani bila kugeuka. Mpaka leo hatujui alitaka kutia nini. Nilikuambia umefukuza mteja bure. Ukasema, anayeficha cha ndani anajua kwa nini anaficha.

Adhiambo alisikiliza. Nikamuuliza, "Yenu inatiwa nini ndani?"

"Mabomu, Dani. Unajua."

"Yatamwangukia nani?"

"Hatuambiwi. Sisi tunatengeneza ngozi tu."

Nyieka, ngozi tu. Ni yule bwana alikuwa amerudi, safari hii ndani ya kinywa cha mtoto wetu.

Lakini usidhani hana akili. Alinibana. Alisema, "Dani, wewe una rungu nyuma ya mlango. Hujawahi kumpiga mtu. Lakini wezi wanajua liko, kwa hiyo hawaji. Ndege hii ni hivyo." Ni kweli. Niligeuza samaki wote kwenye karai kwanza. Nikamwambia, "Rungu la kuogopesha watu nimelisimamisha mahali wanaliona. Kitu kinachofanywa kisionekane kimefanywa kitumike. Na chungu kisichopikiwa hakuna mtu anajisumbua kukilainisha hivyo." Hakucheka tena. Akanishika goti, hili bovu.

Sikumbariki. Yaani yeye nilimbariki, mwili wake, safari yake, arudi mzima aniletee mume nimtazame meno. Kazi sikuibariki. Nilimwambia safari hii siruki mtu, nyumba ya kwanza iongee kwanza. Akasema, "Dani, amekufa." Nikamwambia, tangu lini kitu hicho kikamnyamazisha yule.

Kokoto sikumpa. Liko kwenye mkebe wa majani ya chai, chini ya kitanda changu, limefungwa kwa kitambaa chako cha kichwa. Alililia, mtu mzima. Nikakaza roho. Nilisema likitoka hapa litatoka na mtu anayejua linakwenda kulainisha nini.

Aliondoka Jumapili. Jana kapiga simu, sauti nyembamba. Anasema wakubwa wake wanataka jibu Ijumaa. Amelala vibaya. Anasema kila akifumba macho kidole chake kinatembea juu ya ile ngozi kinatafuta kovu, na hakioni. Hakuniomba nimwambie la kufanya. Mimi nami sikumwambia. Nilishasema langu, na mkono si wangu. Lakini namjua. Ni mtoto aliyefundishwa kuuliza. Amesahau tu kidogo, kwa sababu wanamsifu sana.

Basi lala, nyieka. Nakuahidi sitaruka tena. Shamba mwaka huu tumelianza upande wako, Nekesa ni shahidi, amelima analalamika. Kokoto nitalilinda. Nikiitwa kabla Adhiambo hajarudi na jibu, nitalibeba mwenyewe nikuletee, na utanipa nafasi karibu na moto, usianze ukubwa wako.

Na wewe sikiliza. Nimekugombeza kwamba huji kwangu. Usije. Mimi nitangoja, nimezoea kungoja zamu yangu. Ijumaa isifike kabla hujaenda kule kwa Adhiambo. Kuna baridi, jifunge shuka mbili. Usiombe chumvi. Keti ukingoni mwa kitanda chake, mshike kile kidole, umuulize kwa sauti yako ileile ya sokoni atatia nini ndani. Na usiondoke mpaka akujibu.