Siku Nilizokataa Kumbeba Mbula

Jumapili, 11 Januari 1976

Mama alitaka nimbebe Mbula tukienda kanisani. Nikasema mgongo unauma. Uongo, na tena Jumapili. Jirani yetu Mama Ngassa akasema darasa la sita limenipanda mgongoni, msomi hataki kunuka mkojo wa mtoto. Wanawake wote wakacheka. Mama hakucheka.

Mbula, mdogo wangu, ana miezi miwili. Bibi ndiye aliyempa jina, kwa kuwa mvua ilikuwa ikinyesha alipozaliwa. Ndiyo desturi yetu. Lakini kati ya majina yote – Mvua!

Jumanne, 13 Januari

Mvua saa nne, katikati ya hesabu. Ikipiga bati la darasa simsikii tena mwalimu. Nasikia kikohozi cha Anatoli. Mwalimu Scolastika aliniuliza jibu, sikuwa nalo. Hakunichapa. Alinihamisha tu mbali na dirisha.

Niandike mara moja, basi. Mwaka juzi, Oktoba, tulihamishwa kuletwa kijiji hiki. Mgambo waling'oa milango na paa la nyumba yetu, lori likatushusha hapa porini, hata kibanda hakuna. Mama alinifunga mdogo wangu Anatoli mgongoni, akarudi kwa miguu kufuata mtama uliobaki. Akasema nisimteremshe mpaka arudi. Mvua ikaja. Sikumteremsha, akalowa, akaanza kukohoa. Siku ya tisa alikufa.

Sasa angekuwa na miaka miwili. Angekuwa anafukuza vifaranga kando ya uzio wetu wa minyaa kule. Huku nyumba zimepangwa mstari kama madawati. Hakuna minyaa. Nakumbuka hata harufu yake ikikatwa.

Jumatano, 14 Januari

Bibi amekwenda msibani Didia, harudi mpaka Jumamosi. Baba yuko Geita, anachimba dhahabu. Kesho ni siku ya shamba la kijiji, palizi ya pamba, na asiyefika huitwa ofisini. Mama ameniombea ruhusa shuleni nibaki na mtoto. Nikakataa. Akauliza, polepole, kama namchukia Mbula.

Ndipo nikasema. Kwamba mimi ndiye niliyemuua Anatoli.

Mama aliacha kupepeta. Akaweka ungo mapajani.

"Ulikuwa na miaka kumi na moja, Mektilda. Mimi ndiye niliyekufunga."

Kisha akanieleza nisilolijua. Herman, mgambo yule yule aliyeng'oa milango yetu, alikuja siku ya pili, Mama akiwa amesharudi, na turubai kwapani. Alimnyooshea bila kumtazama usoni. Mama akamfukuza, akamtemea mate.

"Ningelipokea, mngelala pakavu. Nalikumbuka lile turubai kila wingu likitanda."

Sijui nimchukie nani sasa. Herman nampita kisimani kila siku na simwamkii. Na Mama – tunalala chumba kimoja! Mvua ikinyesha huweka kiganja kifuani mwa Mbula. Siku zote nilidhani anamfunika, kumbe anapima pumzi.

Nimekumbuka pia kwamba usiku ule wa lori mikono yangu ilikufa ganzi, na sikumwachia Anatoli. Hilo sijawahi kujihesabia.

Alhamisi, 15 Januari

Mama amenifunga Mbula asubuhi. Akakaza fundo, akalilegeza, akalikaza tena. "Ukichoka, mteremshe. Mvua ikija, ingia ndani. Usinisubiri mimi."

Herman amepita na jembe. Nikasema shikamoo. Akageuka kutazama nyuma yake, kama naamkia mtu mwingine. Kisha akaitika, marahaba, akaenda haraka.

Saa tano. Wingu limesimama upande wa shamba. Naandika nimesimama, daftari juu ya pipa.

Saa tano na nusu. Inanyesha. Nimeingia ndani, nimefunga mlango. Kitanda ni kikavu, nimekigusa mara mbili. Naweza kumlaza, Mama ameruhusu. Mkono mmoja uko kwenye fundo. Anapumua shingoni mwangu, joto tele. Anatoli naye alikuwa akipumua hivi. Nisubiri kidogo. Mvua inaongezeka, naye amelala fofofo, na mimi bado sijafungua fundo.