Njia Imefunguka, Alisema Masika

Goma, Jumapili jioni. Mvua kidogo asubuhi, mawingu mchana kutwa.

Masika hajapewa kazi ya Butembo. Amethibitisha mwenyewe leo mchana sokoni Kituku, akiwa amesimama mbele ya beseni la sambaza, wale dagaa wa ziwani.

Habari hiyo ningeweza kuipata tangu Alhamisi. Niliikosa kwa sababu ya wivu, na wivu wenyewe haujaisha.

Niandike kwa mpangilio.

Masika na mimi tumefanya kazi miaka mingi katika redio moja hapa mtaa wa Himbi. Alikuja akiwa msichana wa kusoma matangazo ya vifo. Mimi ndiye niliyemfundisha kuandika habari. Redio ilipopunguza watu, tulitoka siku moja, mlango mmoja. Baadaye tukasikia kwamba redio ya Butembo inatafuta mhariri mkuu. Nafasi ni moja. Tuliiomba wote wawili, na kila mmoja akamtakia mwenzake heri.

Mimi sikumaanisha.

Butembo ni kwetu. Mama yangu anazeekea huko, na sijamwona tangu barabara ya moja kwa moja ikatike kwa sababu ya vita. Hapa Goma nina mke, watoto na hakuna kazi. Mkurugenzi wa huko alituambia kwa simu, mimi na Masika, maneno yaleyale: jaribio la kazi litafanyika kwao, atakayefika atasikilizwa, ahadi hakuna. Nilimwomba anihakikishie kwanza kama nina matumaini ndipo nisafiri. Hakujibu.

Tangu hapo kila asubuhi nimemwomba Mungu anionyeshe niende au nibaki. Katika kazi yetu habari haiendi hewani bila vyanzo viwili. Nadhani nilimwekea Mungu sheria hiyohiyo.

Alhamisi tulikuwa kwenye kikundi cha sala, ukumbi wa parokia. Baada ya nyimbo, watu hutoa ushuhuda. Masika alisimama, akasema, "Ndugu zangu, njia ya Butembo imefunguka. Namushukuru Mungu." Akaketi. Akina mama wakapiga vigelegele.

Kwetu, mtu akisema mbele ya waamini kwamba njia imefunguka, hakuna anayemwomba afafanue. Amepata mchumba, au viza, au kazi. Masika hakuwa akitafuta mchumba.

Nilipiga makofi pamoja na wengine. Kisha nilitoka kabla ya sala ya mwisho ili nisimpe mkono.

Ijumaa nilikuwa na shughuli moja tu, kukumbuka makosa yake. Humeza mwisho wa sentensi. Huchanganya msemaji wa gavana na mshauri wake. Ripoti yake ya kwanza kutoka kambi ya wakimbizi ya Mugunga niliiandika upya yote, akaisoma kwa jina lake, akasifiwa. Yote ni kweli. Sikukumbuka hata mara moja kwamba watu wa kambini walikuwa wakimfungulia yeye hema zao, mimi wakiniambia nirudi kesho.

Jumamosi niliingia misa ya asubuhi, nikamuuliza Mungu kwa nini yeye na si mimi. Mwanafunzi wangu akileta swali la namna hiyo namkatalia, maana jibu amekuja nalo tayari. Nililiuliza hivyo hivyo.

Jioni, mke wangu Kahindo aliuliza nina nini. Nikamweleza. Aliendelea kuchambua maharagwe, akauliza kama Masika ameniambia kwa kinywa chake kwamba kazi ni yake. Nikajibu kuwa ukumbi mzima ulisikia.

"Papa Neema," akasema, "Mungu unamungojea atoe komunike kama gavana. Masika unamusadiki bila hata kumuuliza."

Sikupenda jinsi alivyosema. Leo nimekwenda kuuliza.

Nilimkuta Kituku akichagua sambaza wakavu wa kuwapelekea shangazi zake. Pongezi nilikuwa nimezipanga njiani, fupi, zenye heshima, nikazitoa zote kwa pumzi moja: hongera kwa kazi, Mungu amekupa unachostahili.

"Kazi gani, muzee?"

Nikamkumbusha ushuhuda wake. Alicheka mpaka mama muuza samaki naye akacheka, ingawa hakujua kinachochekesha.

Masika alikuwa anazungumzia barabara. Dereva anayepitia mpaka wa Bunagana, akazunguka ndani ya Uganda na kurudi nchini kwa mpaka wa Kasindi, alikuwa anarudishwa kila akijaribu. Alhamisi mchana alimpigia kumwambia kwamba magari yanapita. Njia imefunguka. Hilo ndilo alilomshukuria Mungu. Ni maneno ambayo mimi mwenyewe nimeyasoma hewani mara nyingi, mwisho wa habari, kwa ajili ya madereva na wafanyabiashara, na hakuna msikilizaji aliyewahi kudhani natangaza baraka.

"Miye nilisema njia, wewe ukasikia kazi," akaniambia. "Na ni wewe ulinifundishaka kuuliza."

Nikauliza, basi. Nafasi akiikosa atafanya nini Butembo? Hajui. Atakaa kwa nani? Kwa shangazi, akikubaliwa. Je, ana hakika kwamba Mungu ndiye anayemwongoza huko?

Alifunga mfuko wake wa samaki kwanza.

"Mungu amenionesha mpaka Kasindi. Ya mbele atanionesha nikifika."

Nikaagana naye.

Nilitarajia wivu uishie pale. Kazi hana, nafasi bado iko wazi, sote tuko sawa. Badala yake, nilipopanda kutoka ziwani kurudi nyumbani ulikuwa umezidi. Kazi angeweza kuipata akaipoteza. Mtu anaweza kungojea. Hiki alicho nacho sasa sijui kinaombwa ofisi gani. Tulipigiwa simu ileile. Tuliambiwa maneno yaleyale. Yeye alisikia kwamba atakayefika atasikilizwa. Mimi nilisikia kwamba ahadi hakuna.

Na mimi ndiye mwalimu.

Sisemi kwamba Mungu amesema nami leo sokoni. Sina ushahidi wa hilo. Nasema tu kwamba nimekuwa nikiomba ishara tangu mkurugenzi aliponyamaza, na kwamba magari yanapita.

Jioni hii nimeomba nipate nafasi ile. Nimeomba pia Masika asiipate. Ombi la pili nimelifuta, ingawa najua limeshasikika. Halafu nikaomba nifike Kasindi. Nilikuwa sijawahi kuomba kitu kidogo hivyo, na kilikuwa kigumu kukitamka kuliko vyote.

Kahindo nimemwambia kwamba nasafiri. Hakusema nimechelewa. Aliuliza tu ni nguo ngapi, nami nikasema za wiki moja, maana zaidi ya hapo sijui.

Dereva nimempigia. Gari linaondoka Jumatano alfajiri. Jaribio ni Jumatatu inayofuata. Amebakiwa na kiti kimoja, cha nyuma kabisa, juu ya gurudumu. Nimekichukua.

Cha mbele, kando ya dirisha, ni cha Masika.