Nusu Sauti Uliyoniachia

Elisha, uliyekuwa mpenzi wangu,

Neno "mpendwa" nimelijaribu mara kadhaa, limenikwama kooni, na wewe unajua koo langu halikwami ovyo. Kwa hiyo pokea jina lako tupu. Salamu nazo zingoje kwanza. Nikimaliza ya kusema nitaangalia kama zimebaki.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza. Nilikuwa nimeketi kwenye ngazi za chuo chetu cha opera hapa Riyadh, natafuna tende zangu, na ulipofika pale pa "Salome, mamaa, wewe ndiye mtu pekee anayenielewa," nilicheka mpaka yule mlinzi wetu wa Kakamega akaja kuniuliza kama niko sawa. Nikamwambia niko sawa kabisa, nimetumiwa kichekesho. Lo, Elisha! Hata haya ya kusingizia huna? Umeondoka ukaenda Ulaya, hukuuliza kama niko hai au nilishazikwa, leo unarudi na "mamaa" mdomoni, tena kwa sauti ya kubembeleza mtoto anywe dawa.

Ati nakuelewa. Nakuelewa, ndiyo. Nilianza kukuelewa sebuleni kwa Mama kule Jeddah, siku ile ulipoletwa na nesi mwenzake, umevaa shati lililopigwa pasi likakakamaa, unaomba radhi kwa kila kiti unachokipita. Ulikuwa dereva wa nyumba moja ya mtaa wa Al-Safa na ulilala Kandara ya huko huko Jeddah, chumba kimoja na madereva wenzako, juu ya duka la mapazia. Kila Ijumaa Mama alikuwa akikusanya Wakenya wachache tusali. Anavuta mapazia, anakunja taulo analiziba chini ya mlango, halafu anatuambia, "Yalla, wanangu, mbele za Mungu ni moyo, si kelele." Tukaimba. Nyimbo zote, hata zile za shangwe ambazo nyumbani huimbwa kwa kurukaruka, pale tuliziimba chini kwa chini, majirani wasisikie Wakristo wanasali.

Wengi sauti ikishushwa inakufa. Ya kwako haikufa. Ulishika sauti ya tatu chini ya sauti yangu ya kwanza, taratibu, ukawa unaningoja mwisho wa kila mstari. Nilikupenda pale pale, kabla sijajua hata jina lako la pili. Nakwambia hivi ujue kwamba sikukupenda kwa ujinga. Kulikuwa na kitu cha kupenda, na ndicho kinachoniudhi mpaka leo.

Madamu wako akakusikia ukijiimbia garini ulipokuwa ukimsubiri nje ya duka. Ni mama mwenye kupenda mambo ya sanaa na mwenye kujuana na watu, akasema dereva wake lazima afanyiwe usaili wa chuo cha opera Riyadh, na mumewe, kafili wako mwenye kibali chako cha kazi, akakubali. Ulikuja kwetu mbio kama mtu aliyeiona nyumba yake ikiungua. Ukamwambia Mama huendi bila mimi. Ukanishika mikono mbele yake, na mimi naona aibu, ukasema, "Tunaenda wote au hakuna anayeenda." Mama alilia. Mimi nilijifanya nakwenda kutazama chai jikoni.

Na ile safari ya basi, unaikumbuka? Ulikuwa umesoma mahali kwamba mwimbaji wa opera hupumzisha sauti kabla ya usaili, basi tangu Kandara mpaka Riyadh hukutoa neno. Umejifunga skafu shingoni, kwenye joto lile! Tuliposimama njiani kupumzika ukaagiza chai kwa vidole, na yule Mbangladeshi muuzaji akadhani wewe ni bubu, akakuhurumia, akakuongezea mkate na kuusukuma mkononi mwako. Ukala mkate wa watu kwa uso wa huzuni kweli kweli. Wakati ule niliona ni kichekesho. Siku hizi nikiukumbuka uso ule, naona ulikuwa tayari unajifunza kazi.

Tukapokewa wote wawili. Mwalimu Irena, yule mama wa watu na miwani yake ya kuning'inia, alitusikiliza wiki ya kwanza akakaribia kujitupa dirishani. "Mbona mnaimba kana kwamba kuna mtoto amelala chumba cha pili?" Wenzetu, wasichana wa Riyadh na vijana wa Beirut, wakipewa noti ya juu wanaipiga kifua wazi. Sisi wawili tukifika pale tunageuka kutazama mlango. Kila mara, Elisha! "Salome, mlangoni kuna nini?" Hakuna kitu, Mwalimu. Na macho yanakwenda tena. Sisi wawili peke yetu tulijua tunatafuta taulo. Ndiyo maana niliamini kwamba hakuna mtu mwingine duniani ningeweza kuimba naye.

Taratibu tukajifunza kufungua sauti. Tukajifunza na adabu yake pia: kwamba mwimbaji wa opera haichomi sauti yake kwenye mazoezi. Siku moja kabla ya onyesho anaimba nusu sauti, za juu anazigusa tu na kupita, anatunza. Na wanapoimba wawili lazima wakubaliane kabla, ama wote nusu ama wote nzima, kwa sababu mmoja akifungua na mwenzake amefunga, yule aliyefunga haonekani kuwa anatunza. Anaonekana hawezi. Hili mtoto wa mwezi wa kwanza chuoni analijua. Sisi tulikuwa na ishara yetu. Ukigusa kifungo cha juu cha shati, basi leo ni nusu. Mimi nilifurahi sana na ishara ile, mjinga mimi. Niliona ni kama tumerudi sebuleni kwa Mama.

Sasa nakuja kwenye siku yenyewe, na usinikatize.

Wageni walikuja kutoka Ulaya na nafasi moja ya mwimbaji kijana katika jumba lao la opera. Moja tu. Chuo kizima kilijua, na chuo kizima kiliambiwa watatusikiliza kwenye tamasha la Alhamisi. Jumatano ilikuwa mazoezi. Tulisimama kando ya piano, ukaniambia, "Leo nusu, mpenzi. Tuitunze ya kesho." Ukagusa kifungo. Tukaanza chini chini, vizuri kabisa. Mlango ukafunguka, wageni wakaingia, wakaketi nyuma. Nikadhani wamekuja kutazama ukumbi. Wewe hukudhani.

Tulipofika pale sauti mbili zinapokutana, ulifungua kifua.

Nilikusikia kwanza kwenye sakafu, chini ya miguu yangu. Sauti nzima, yote, ile tuliyoitafuta kwa miezi. Nami nimesimama pembeni yako na nusu yangu. Aliyeanza noti ya juu bila pumzi ya kuibeba hawezi kuikurupukia katikati, na wewe ulilijua hilo vizuri kuliko mtu yeyote mle ndani. Unajua nilichofanya? Nilikitazama kifungo chako. Nikasema moyoni, maskini, amesahau. Nilikuhurumia, Elisha! Sijajisamehe huruma ile.

Tulipomaliza, mgeni mmoja akamuuliza Irena kama msichana ni mgonjwa. Kabla Irena hajafungua mdomo, wewe ukajibu, kwa upole, mkono wako begani kwangu: "Hapana, ana sauti ndogo. Lakini ni nzuri sana."

Sauti ndogo.

Jioni hiyo hiyo wakaruka kwenda kwao na jina lako mfukoni, na Alhamisi mimi nikauimbia sauti nzima ukumbi ambao viti vya wageni vilikuwa vitupu. Irena alinifuata nyuma ya jukwaa na kunishika uso kwa mikono yote miwili. "Jana ulikuwa wapi?" akaniuliza. Nilikuwa natunza, Mwalimu.

Hata hapo bado nilikuwa nakutafutia udhuru. Nilisema labda ni hofu, labda kifua kilijifungua chenyewe. Mpaka madamu wako alipokuja kukupongeza, manukato yake yamejaa ukumbi, akakwambia mbele yangu, "Si nilikwambia watawachagua kwenye mazoezi, hawangoji tamasha?" Ukatazama viatu. Na nilipokuvuta pembeni, hukukana wala hukulia. Ukasema, "Nafasi ilikuwa moja, Salome. Ulitaka tuikose wote?"

Ndiyo, bwana. Nilitaka tuikose wote. Wewe ndiye uliyesema "au hakuna anayeenda," nami niliiamini kauli yako kuliko unavyoamini sauti yako. Ungeniambia tu! Ungesema, Salome, wanasikiliza leo, tuimbe sauti nzima, na atakayechukuliwa achukuliwe. Ungenishinda kwa haki ningekupigia vigelegele na kukufungia mizigo kwa mikono yangu. Lakini hukuthubutu kushindana na mimi. Ulinikalisha kwanza, halafu ndipo ukasimama ili uonekane mrefu.

Sikuchukii. Usijipe cheo hicho. Chuki ina kazi nyingi, na mimi nina mazoezi asubuhi na jioni. Ninakudharau tu, hivi hivi, nikiwa nasuka nywele au nangoja lifti. Ninaidharau skafu yako. Ninazidharau zile picha zako za Ulaya, umesimama mbele ya milango ya majumba umeshika koo kana kwamba kuna mtu anataka kukuibia. Linalonisumbua kidogo ni Mama. Kila nikishuka Jeddah ananiuliza, "Yule kijana wa sauti ya tatu anaendeleaje?" Kikombe chako cha bluu bado anakiosha na vingine. Sijamwambia, kwa sababu nikimwambia ataanza kukuombea, na mimi sijawa tayari uombewe.

Ninazikumbuka zile Ijumaa pia, siwezi kukataa. Taulo, na mahamri ya Mama, na wewe ukiningoja mwisho wa mstari. Kuna siku nimeimba vizuri, watu wamesimama, nami nimegeuka upande wako kukutafuta. Halafu nakumbuka, na hasira inanirudia mpya.

Haya. Turudi kwenye ujumbe wako. Unasema umesikia chuo kinapeleka opera Jeddah msimu huu, kwamba mwimbaji wetu wa sauti ya tatu amerudi kwao, na umeitwa usaili Jumapili. Unasema kule Ulaya uliimba sauti nzima kila siku, mazoezini, kwenye korido, kwa yeyote aliyepita, mpaka koo likaota vinundu na mkataba ukawa halas, umekwisha. Kwa hilo pole, na nasema kwa moyo mweupe. Koo la mtu halichekwi. Lakini ile noti ya juu, unasema, siku hizi inavunjika, na kwa kuwa usaili ni wimbo ule ule wetu, na mimi ndiye nitakayesimama nawe, basi, nakunukuu, "Ukifika pale imba kwa nguvu, unifunike kidogo. Hawatajua."

Unifunike! Mimi, mwenye sauti ndogo?

Irena ameniuliza kama naweza kusimama na wewe. Nimemwambia naweza. Basi Jumapili utanikuta kando ya piano, upande wa kushoto, pale pale. Utanitazama, nami nitagusa kifungo changu cha juu. Nakwambia mapema, kwa sababu hiyo ndiyo tofauti yangu na wewe, na Irena naye nimeshamwambia. Amesema ni sawa, anayesailiwa si mimi. Nitaimba nusu sauti tangu mwanzo mpaka mwisho, na pale pa juu pia, chini chini, kama sebuleni kwa Mama. Usiutazame mlango. Ukumbi wote nimekuachia, Elisha, wakusikie vizuri.

Salamu nimezitafuta, sikuziona.

Aliyekuwa mpenzi wako, mwenye sauti ndogo,
Salome