Matairi Manne Nyuma ya Ng'ombe

3 Februari

Mama mpendwa,

Shikamoo. Huku mimi ni mzima, mgongo tu unalalamika kwa kuinamia injini kutwa. Vipi magoti? Usinijibu "hayajambo", maana najua yakoje ukiandika hivyo.

Huenda lori la mizigo litakufikia kabla ya barua hii. Usishtuke ukiona sanduku kubwa kama banda la kuku. Ndani kuna pikipiki ya matairi manne. Iliachwa hapa karakana na mtu aliyekata tamaa nayo, na mwenye karakana akasema nikiweza kuifufua niichukue. Nimebadilisha breki zote, na nyuma nimefunga kapu la chuma la kubebea magunia. Inapanda mawe kama mbuzi. Ule mwinuko wa kutoka darajani hadi shamba la vitunguu, ambao madereva wa pikipiki za abiria wanaukataa, itaupanda bila kuhema.

Kofia ngumu iko chini ya kiti. Ivae.

Shamba likikushinda hata hivyo, kile chumba hapa kwangu nimeshakipaka rangi. Sisemi zaidi, nisije nikagombezwa.

Mwanao

19 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Nashukuru kusikia u mzima. Mgongo ulaze sakafuni jioni, sio kwenye hilo godoro lako laini. Magoti hayajambo.

Sanduku limefika. Jirani mwenye ng'ombe wa kulima alinisaidia kulibomoa, akaizunguka mashine kama anayekagua dume mnadani, kisha akasema, "Huyu mwanao ana mikono." Nimeiendesha uani. Nimetawanya kuku, nimeangusha kamba ya nguo, nimejifunza. Ni kitu kizuri mno.

Sasa kaa chini. Siwezi kwenda nayo shambani.

Baada ya wewe kuondoka, tajiri wa machimbo ya mawe, huyu tunayemwita Kokoto, aliwanunulia vijana wake pikipiki kama hii, kadhaa. Wakazifanya za mashindano barabarani. Siku moja walimgonga muuza maziwa na baiskeli yake, mbele ya lango la shule, kengele ya kutoka ikiwa bado kidogo tu ilie. Mguu ulivunjika, madumu yakawa bapa. Kamati ya barabara ikakaa na kupitisha sheria: chombo kilichoundwa kwenda porini hakiendeshwi kwa injini kwenye barabara ya umma. Kinaruhusiwa kuivuka tu, moja kwa moja, dereva akiwa amesimama kwanza na kutazama pande zote. Anayetaka zaidi ya hapo aombe kibali kwa mwenyekiti wa kamati.

Mwenyekiti ni mimi. Sheria niliiandika mimi, na tangu hapo sijampa mtu kibali.

Mama yako

5 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mgongo umepata nafuu ya sakafu, asante. Barua yako niliwasomea wenzangu wakati wa chai. Mmoja akauliza, "Sasa tatizo liko wapi? Mwenyekiti si ndiye mama yako?"

Na mimi nauliza hivyo hivyo. Jipe kibali. Wewe sio kijana wa mashindano, nani atakunyooshea kidole? Au basi pikipiki ikae darajani, uwe unaikuta pale.

Mvua zinakaribia. Miche isipoingia ardhini mwaka huu, shamba litakuwa kichaka, nawe utabaki barazani ukilitazama kwa mbali. Na tulikubaliana tangu mwaka jana: shamba likikushinda, unakuja kwangu.

Mwanao

18 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Sisi huku wazima, kuku wamesamehe.

Kuiacha pikipiki darajani ni kuwapa wezi zawadi na kuwashukuru kwa kuipokea. Na kibali nilichomnyima Kokoto siwezi kujipa mimi. Nikijipa leo, kesho yuko mlangoni, na nitamwambia nini? Kwamba magoti yangu ni ya mwenyekiti, yake ni ya mwananchi?

Lakini shambani nimekwenda. Soma sheria vizuri: haiendeshwi kwa injini. Niliiandika hivyo makusudi, ili aliyeharibikiwa aweze kukokota chombo chake hadi nyumbani. Basi jirani amefunga ng'ombe wake wawili mbele, mimi nikakaa juu na kofia yangu ngumu, mikono kwenye usukani, injini kimya. Barabarani tunakwenda kwa ng'ombe. Darajani, barabara ya umma inapoishia, tunawafungua, nawasha, napanda mwinuko peke yangu. Matuta yote nimeshayaandaa. Kitalu cha miche kiko hapa uani.

Watu wanacheka mpaka wanashika mbavu. Kokoto alisimamisha lori lake, akatoa kichwa dirishani. "Mama Mwenyekiti, hiyo inakunywa mafuta au inakula majani?"

"Haigongi mtu," nikamwambia. Akapandisha kioo.

Shida ni moja. Mvua zikianza, ng'ombe wanaingia kwenye jembe. Jirani ameniambia kwa adabu, akitazama viatu vyake. Na mvua zikianza ndipo miche inapotakiwa kwenda shambani.

Mama yako

7 Mei

Mama mpendwa,

Shikamoo. Aprili nzima imepita bila barua. Simu yako haipatikani. Najua mtandao unashika mlimani tu, na mlimani hupandi. Je, u mzima?

Hapa karakana wananiuliza habari za ng'ombe kabla hawajauliza zangu. Mwenye karakana, mtu ambaye sijawahi kuona meno yake, aliniomba ile barua, akaibandika ukutani juu ya meza ya spana. Alisema, "Mtu wa namna hii humpati kirahisi." Nikajifanya natafuta bolti iliyoanguka.

Nimesikia huko mvua zimeanza. Niambie kama miche imeingia. Kama haijaingia niambie pia, nikaombe ruhusa nije kukuchukua.

Mwanao

21 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima, magoti yanahisi mvua kabla ya mawingu. Nilinyamaza kwa sababu jambo lilikuwa halijaisha, na nisingependa kukuandikia nusu.

Kokoto alileta hoja kwenye kamati. Mkutano ulifanyika darasani, na nusu ya watu wa machimbo walikuwa wamejaa madirishani. Akasimama, akanisifu mpaka nikaona aibu kwa niaba yake.

"Mama yetu huyu anavutwa na ng'ombe kama jembe," akasema. "Sisi tunajisikiaje? Naomba sheria ifutwe yote, kwa huruma, afike shambani kwake." Watu wakapiga makofi.

Nikaona mtego ulivyokaa. Nikikubali, wiki ijayo vijana wake wanashindana tena langoni mwa shule, na jina langu likiwa juu ya hoja. Nikikataa, miche inafia uani na mimi nafunga mizigo kuja kwako.

Niliweka kengele ya mwenyekiti mezani, nikasema najiuzulu, kwa sababu jambo lenye shamba langu ndani yake silisimamii wala silipigii kura.

"Mama, kaa chini bwana, usitutie aibu," mtu akasema kutoka nyuma.

"Nakaa," nikamwambia, "ila huko kwenu." Nikaenda kukaa kwenye dawati la watoto pamoja na wananchi. Magoti yalinitukana.

Wakamchagua muuza maziwa awe mwenyekiti. Alikwenda mbele taratibu na fimbo yake. Hakuna anayezichukia mashine zile kama yeye, na hapo nilishaanza kuwaza ni nguo zipi nije nazo huko kwako. Akakaa, akanitazama.

"Mama, kama mwananchi, unasemaje?"

Nikasema sheria ibaki, ila ifunguliwe mlango mdogo. Wa kazi tu, iwe ya shamba au ya machimbo, iwe mimi au Kokoto. Mchana tu. Mwendo wa mtu anayetembea. Mtu mmoja juu ya chombo, kofia ngumu, taa zikiwaka, na bendera nyekundu kwenye ufito mrefu ili ionekane kabla ya kona. Hakuna kumpita aliye mbele yako. Watoto wakiwa wanaingia au kutoka shule, unazima injini na kungoja. Na kila dereva apimwe na kamati kwanza.

Kokoto akaruka. "Mwendo wa kutembea? Si bora nitembee?"

"Tembea, bwana," akasema muuza maziwa. "Mimi ningependa sana kutembea."

Kura zikapigwa, na hoja yangu ikapita.

Mama yako

29 Mei

Mwanangu,

Sikungoja jibu lako. Natumaini mgongo mzima.

Jana tulipimwa, uwanjani mwa shule, na wa kwanza nilikuwa mimi. Nilisimama panapotakiwa. Nilitazama kulia na kushoto. Nilirudi nyuma kati ya mawe mawili bila kuligusa hata moja. Watu wakaanza kupiga makofi, na muuza maziwa akainua fimbo yake.

"Mama, bendera iko wapi?"

Bendera ilikuwa mezani jikoni, kando ya pasi. Niliishona mwenyewe, nikainyoosha vizuri, nikaiacha.

Mjumbe mmoja akalalamika. "Mwenyekiti, si huyu huyu ndiye aliyetuletea habari ya bendera?"

"Basi hawezi kusema hakuijua," akasema muuza maziwa. "Mama, umeanguka. Njoo wiki ijayo."

Jirani, aliyenikokota huko asubuhi, aliacha kulima, akaja tena na ng'ombe kunirudisha nyumbani. Alinionea huruma njia nzima, na mimi nilikuwa nacheka ndani ya kofia. Siku zote nilihofu kwamba sheria ile inasimama kwa sababu wananiogopa mimi. Kumbe inaweza kunisimamisha hata mimi.

Miche imerefuka kupita kiasi. Itavumilia hiyo wiki moja. Zaidi ya hapo, sidhani.

Mama yako

11 Juni

Mama mpendwa,

Shikamoo. Barua yako ya bendera imekwenda ukutani karibu na ile ya kwanza. Mwenye karakana ameonyesha meno. Yapo yote, ila moja la mbele ni la bandia.

Nilijisifu kwamba nimekutumia miguu. Sasa nikiisoma ile habari ya dawati la watoto naona miguu ulikuwa nayo kabla sanduku halijafika. Nimesema, na hutanisikia nikirudia.

Ulipita au hukupita? Kama hukupita, naja mwisho wa mwezi na begi tupu la nguo zako, na safari hii tusibishane. Chumba kiko tayari, hata pazia nimeweka.

Mwanao

24 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima. Samahani kwa mwandiko na kwa udongo, naandika nikiwa nimekaa kwenye kapu la pikipiki, hapa shambani.

Nilipita. Bendera niliifunga tangu jana yake, nikalala nikijua iko pale. Miche imeingia ardhini. Ya upande wa juu baadhi imekufa, iliyobaki imesimama.

Leo asubuhi nilikuwa barabarani, mwendo wangu wa kutembea, nikasikia honi ndogo nyuma. Kokoto. Lori lake limeharibika, kwa hiyo amepanda moja ya zile za vijana wake. Kofia ngumu inambana mashavu, bendera nyekundu inapepea juu ya kichwa.

"Mama, ongeza kidogo basi!"

"Sheria, baba!"

"Basi nipishe mimi!"

"Hiyo nayo ni sheria!"

Tukaenda hivyo hivyo, bendera mbele, bendera nyuma, hadi lango la shule. Watoto walikuwa wanaingia. Nikazima injini. Nikatega sikio bila kugeuka, na nyuma yangu nikamsikia naye anazima.

Tukangoja. Muuza maziwa akatokea anasukuma baiskeli yake, madumu mapya yanagongana, akapita katikati yetu bila haraka yoyote. Akatazama bendera yangu. Akatazama ya Kokoto.

"Hamjambo," akasema, akaendelea na njia yake.

Kile chumba usikifunge. Toa hilo pazia, hewa ipite. Vitunguu nitakavyokutumia vinataka mahali pakavu.

Mama yako