Sifuri Niliyoiweka kwenye Chumba cha Rangi

Jumanne, 4 Machi
Nimetoka gereji kifua mbele! Shemeji, mume wa dada, anapiga rangi magari pale. Tajiri wake aliniomba nipime hewa ya chumba cha rangi kwa kihisi changu cha maabara. Nikawaeleza mafundi: hiki kipande cha jiwe la kwatzi kinatetemeka kikipata umeme, nimekipaka utando mwembamba wa polima, kama plastiki. Utando ukinywa mvuke wa thina ya kuyeyushia rangi, kipande kinakuwa kizito, mtetemo unashuka. Shemeji akasema basi kinafanana na yeye akishashiba. Tulicheka sana. Nikawasha humo humo ndani, nikaweka sifuri, yaani alama ya kuanzia kupimia, tukasubiri. Mstari wa mtetemo kwenye skrini haukushuka hata kidogo. Nikatangaza hewa safi. Tajiri akabandika karatasi mlangoni: HEWA IMEPIMWA. Mafundi wakavua barakoa, joto lilikuwa linawaua.

Alhamisi, 6 Machi
Maabara. Nimewasha kihisi kwa sifuri ile ile ya gereji. Dirisha wazi, hakuna thina — mtetemo ukaruka juu ya sifuri, ukakaa huko. Polima ilikuwa imeshakunywa mvuke mpaka basi kabla sijaweka sifuri! Uchafu wenyewe ndio niliouita sifuri. Sifuri inawekwa nje, kwenye hewa safi. Na mimi ndiye ninayewafokea wanafunzi kwa kosa hilo hilo.
Sijampigia mtu simu. Naona aibu.

Ijumaa, 7 Machi
Dada kapiga. Shemeji kichwa kinamgonga, jana alipepesuka akashika ukuta. Nikamuuliza kama anavaa barakoa. Akashangaa — ya nini, si ulipima mwenyewe? Nikasema ehee. Ehee! Ulimi gani huu nilionao?

Jumamosi, 8 Machi
Gereji. Nimekaa kwenye benchi nje ya ofisi, tajiri anamalizia simu. Nimekuja kusema ukweli. Fundi mmoja tu bado ana barakoa, na shemeji anamtania mbele ya wote: "Vua bwana, unamuogopa nani? Shemeji yangu huyu hapa, muulize!" Wakanigeukia. Nilipaswa kusema pale pale. Nikajifanya natafuta kalamu. Yule fundi akaivua, akaitia mfukoni.
Shemeji kaniletea maji. Macho yake mekundu. Anasema tajiri lazima anataka kunishukuru.
Mlango umefunguka, naitwa. Shemeji naye kainuka, anajifuta mikono haraka — anataka awepo nikisifiwa.