Bogna Amejifungia na Samaki

Wacek, rafiki yangu, uko hapo kwenye simu? Bogna, binti yangu, amejifungia bafuni! Mkesha wa Krismasi, wageni wanakuja nyota ya kwanza ikitoka, na yeye kajifungia. Na samaki wa kukaanga yumo humo humo, bado mzima, anaogelea kwenye beseni kubwa la kuogea, la pekee tulilo nalo, kama kawaida yetu kila mkesha.

Nikagonga. "Bogna, mwanangu, supu inamwagika jikoni."

"Imwagike."

Imwagike! Bogna wangu huyo!

"Baba, vyakula kumi na viwili vya mkesha, nimefikisha saba. Siwezi kutoka. Siwezi kumchinja huyu samaki. Siwezi kuwa Mama. Yeye aliwezaje?"

Nami na mdomo wangu huu, nikamwambia mama yake hakuwahi kulalamika. Si unamkumbuka Jadwiga wangu, Mungu amrehemu? Nikamwambia Bogna, kila mkesha mama yake alipika vyote isipokuwa samaki, kisha akaenda zake kuoga, saa nzima, akatoka anatabasamu.

 Halafu nikasikia Bogna anacheka, au analia, sijui.

"Alioga wapi, Baba? Na samaki je?"

Wacek, Jadwiga hakuwa akioga! Miaka arobaini na moja samaki alikuwa kwenye hilo hilo beseni. Arobaini na moja! Na mimi niko nje nagonga, nauliza chumvi iko wapi.

Bogna hajafungua. Nimezima jiko, nimeleta kiti nimekaa hapa hapa mlangoni. Anayetaka kuugonga huu mlango leo aanze na mimi.